SOMO LA UMEME WA NYUMBANI: Ukanda wa Soketi Chini ya Makabati ya Jikoni

Umeme unaowasha taa za Tukuyu, katika wilaya ya Rungwe, ndio huo huo unaowasha taa za Unguja na Pemba. Tukuyu huupata katika gridi ya Taifa. Unguja imekuwa ikiupokea tangu mwaka 1980 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na Pemba tangu mwaka 2010 kwa waya utokao Tanga. Kote huko msukumo wake ni volti 230, na plagi inayotumika zaidi ni ile ya meno matatu bapa. Kwa hivyo funzo lipatikanalo katika jiko la Rungwe laweza kumfaa mtu wa Makunduchi au wa Wete kwa kubadilisha mambo machache tu, nayo yatatajwa mahali pake.

Rungwe imechaguliwa kuwa mfano kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hali ya hewa. Mji wa Tukuyu umekaa kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini Tanzania: zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukungu na baridi huingia mpaka ndani ya nyumba, na kuta na mbao hunyonya unyevu. Umeme na maji havipatani, na mahali penye maji mengi ndipo kosa dogo la fundi hujitokeza upesi.

Sababu ya pili ni mabadiliko ya upishi. Katika nyumba nyingi za wilaya hiyo jiko lilikuwa banda la nje lenye mafiga na kuni, ambamo ndizi, maharage na magimbi viliiva kwa moshi. Nyumba zinazojengwa siku hizi mjini zina jiko la ndani lenye makabati ya chini na ya ukutani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, umeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Umeme ni mojawapo ya nishati hizo. Kwa maneno mengine, jiko ambalo jana lilihitaji taa moja na soketi moja ya redio, kesho litatakiwa kubeba birika, jiko la presha, maikrowevu na friji kwa pamoja.

Hapo ndipo ilipo hatari. Mwenye nyumba akiona soketi hazitoshi hununua ekstensheni ya sokoni, akailaza juu ya meza karibu na sinki. Isipotosha huchomeka ekstensheni nyingine ndani ya ile ya kwanza. Ukanda wa soketi unaofungwa chini ya kabati la ukutani ni njia bora zaidi ya kuondoa tatizo hilo, endapo umefungwa kwa maarifa. Ukifungwa bila ya maarifa huwa ni ekstensheni ile ile iliyopandishwa juu na kufichwa.

UKANDA WA SOKETI NI NINI

Ni kisanduku chembamba na kirefu, cha bati au cha plastiki ngumu, chenye soketi kadhaa zilizopangwa mstari mmoja. Hufungwa upande wa chini wa kabati la ukutani, aghalabu kwenye pembe ya nyuma inayokutana na ukuta. Kabati hilo kwa desturi huwa sentimita 45 hadi 50 juu ya meza ya kazi. Faida zake ni dhahiri: ukuta hauchimbwi wala marumaru hazivunjwi, nyaya za vyombo huwa fupi na hazitambai juu ya meza yenye maji, na soketi huwa mbali na mikono ya watoto wadogo.

Iko faida nyingine kwa nyumba zinazotumia pia mitungi ya gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutuama sakafuni. Cheche ya soketi iliyo chini karibu na sakafu yaweza kuiwasha mapema kuliko ile ya soketi iliyo juu. Hata hivyo, pindi harufu ya gesi inaposikika, swichi yoyote isiguswe, iwe ya kuwasha au ya kuzima. Milango na madirisha yafunguliwe kwanza.

HESABU YA MZIGO

Jambo la msingi katika somo hili ni hili: ukanda huongeza midomo, hauongezi chakula chunguni. Soketi sita mpya hazileti umeme mpya. Umeme wote unapita katika waya mmoja ulio nyuma yake, na waya huo una kikomo.

Kikomo hicho hujulikana kwa hesabu nyepesi. Wati zilizoandikwa kwenye chombo zikigawanywa kwa volti 230 hutoa ampea, yaani wingi wa umeme unaopita. Birika la umeme la wati 2,000 hutumia ampea 8.7. Jiko la presha la wati 1,000 hutumia ampea 4.3. Maikrowevu inayovuta wati 1,200 hutumia ampea 5.2. Vyombo hivyo vitatu vikiwashwa pamoja asubuhi, jumla ni wati 4,200, sawa na ampea 18.3.

Sasa na itazamwe namna ukanda ulivyoungwa. Ikiwa umechomekwa kwa plagi ya kawaida katika soketi ya ukutani, plagi hiyo ina fyuzi ya ampea 13. Kikomo chake ni ampea 13 mara volti 230, yaani wati 2,990. Vyombo vitatu vilivyotajwa vimekwisha kupita kikomo hicho. Wengi hudhani kwamba fyuzi itakatika mara moja na kuiokoa nyumba. Sivyo. Fyuzi ya ampea 13 yaweza kustahamili ampea 18 kwa muda mrefu bila ya kukatika, na katika muda huo plagi na soketi huendelea kupata moto, plastiki ikalainika na kubadilika rangi. Joto la waya haliongezeki sawasawa na mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne.

Njia iliyo salama kwa jiko la kupikia umeme ni kuupa ukanda njia yake peke yake kutoka kwenye ubao wa saketi breka. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 2.5, yenye waya wa ethi ndani yake na kulindwa na saketi breka ya ampea 20, hubeba hadi wati 4,600. Jiko kubwa la sahani au oveni haliungwi kwenye ukanda kabisa. Hilo hutengewa kebo nene zaidi na saketi breka yake.

Vijijini ziko nyumba ndogo zilizoungiwa umeme kwa kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho hukusanya soketi na swichi katika kisanduku kimoja ili nyumba isihitaji kutandazwa nyaya kila chumba. Kifaa cha namna hiyo kimekusudiwa mahitaji madogo. Kisibebeshwe ukanda wa vyombo vizito mpaka fundi mwenye leseni athibitishe uwezo wake.

Wananchi wanakumbushwa pia kwamba saketi breka inayoruka mara kwa mara inatoa taarifa, haifanyi uchokozi. Kuiondoa na kuweka kubwa zaidi bila ya kubadili waya ni sawa na kumfunga mlinzi mdomo ili watu walale.

MAHALI PA KUUFUNGA

Ukanda usifungwe juu ya sinki wala juu ya jiko. Kanuni inayofuatwa na mafundi wa mtindo wa Kiingereza ni kuacha si chini ya sentimita 30 kwa ulalo kati ya ukingo wa sinki na soketi iliyo karibu. Kipimo kama hicho ni cha busara pia pembeni ya jiko. Maji yanayoruka wakati wa kuosha vyombo hufika mbali kuliko jicho linavyokadiria, na mafuta ya kukaangia hurukia mbali vile vile.

Pili, izingatiwe namna plagi ilivyo. Plagi ya meno matatu ni nene, na waya wake hutokea ubavuni, si mgongoni. Ukanda ukielekezwa chini moja kwa moja, plagi nzito na chaja hushuka kidogo kidogo kwa uzito wake mpaka meno yakawa yanagusa nusunusu. Mguso hafifu huzaa joto na cheche. Ukanda bora ni ule uliolazwa kwa pembe, uso wake ukiwaelekea watumiaji, ili plagi ikae imara na itolewe kwa urahisi bila ya kuvutwa waya.

Tatu, ubao wa kabati uwe na nguvu ya kushika. Makabati mengi ya bei nafuu hutengenezwa kwa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Katika unyevu wa Tukuyu ubao huo huvimba na kumomonyoka, na parafujo zikaachia. Seremala aweke kwanza kipande cha mbao imara iliyokauka vizuri, kisha ukanda ufungwe kwenye mbao hiyo. Parafujo zisiwe ndefu hata zikatokeza ndani ya kabati, wala zisitoboe kebo.

MVUKE, UNYEVU NA CHUMVI

Adui asiyeonekana wa ukanda huu ni mvuke. Birika linalochemka chini ya kabati hupeleka mvuke juu moja kwa moja, na mvuke ukikuta bati baridi hugeuka matone. Asubuhi za Juni na Julai, Tukuyu inapokuwa na baridi kali, jambo hilo hutokea kwa dakika chache tu. Matone hayo yakiingia katika soketi, umeme hupata njia ya kuvuja. Kwa hivyo birika na jiko la presha visogezwe mbele ya meza, nje ya kivuli cha kabati, kabla ya kuwashwa, na tundu la mvuke la jiko la presha lisielekezwe kwenye ukanda. Nyumba ambayo bado inawasha kuni au mkaa katika jiko hilo hilo ina jambo la ziada: masizi yaliyochanganyika na mafuta hujikusanya juu ya soketi na kushika unyevu.

Visiwani mvua si nyingi kama ya Rungwe, lakini upepo wa bahari hubeba chumvi. Chumvi hula vichwa vya parafujo na viungio vya shaba, vikafanya kutu ya kijani. Tiba ya pande zote mbili ni moja: kuchagua soketi zenye viungio vya shaba nyeupe au shaba ya manjano badala ya bati jepesi, na kumwita fundi akague na kukaza viungio kila baada ya muda.

WAYA WA ETHI NA KIFAA CHA KUKATA UMEME UNAOVUJA

Kisanduku cha bati lazima kiungwe na waya wa ethi. Bila ya hivyo, waya wa moto ukigusa bati ndani, kisanduku chote huwa na volti 230, na mwanamke mwenye mkono uliolowa atakayekigusa ndiye atakayekuwa njia ya umeme kwenda ardhini.

Lakini ethi peke yake haitoshi, na hapa watu wengi hukosea. Tuseme fimbo ya ethi iliyochimbiwa nje ya nyumba ina ukinzani wa omu 50. Volti 230 zikigawanywa kwa 50 hutoa ampea 4.6 tu. Saketi breka ya ampea 20 haitaona jambo lolote, nacho kisanduku kitabaki na umeme. Ardhi nyevu ya Rungwe husaidia kupunguza ukinzani huo. Ardhi ya mawe ya matumbawe ya mashariki na kusini ya Unguja, ambayo hukauka upesi, huuongeza. Popote pale, dawa ni kufunga kifaa cha kukata umeme unaovuja, chenye kipimo cha miliampea 30. Kifaa hicho hulinganisha umeme uendao na umeme urudio. Tofauti ikifikia miliampea 30, hukata umeme kwa muda mfupi kuliko nusu sekunde. Kina kitufe cha majaribio, nacho kibonyezwe kila baada ya miezi michache ili ijulikane kuwa kingali hai.

UTARATIBU WA KAZI

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni. Tanzania Bara leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA. Visiwani mwananchi awasiliane na Shirika la Umeme, ZECO, kabla ya kubadili njia za umeme nyumbani. Hatua zinaelezwa hapa ili mwenye nyumba aweze kuisimamia kazi na kujua anacholipia.

1. Fundi ahesabu wati za vyombo vyote vitakavyotumika pamoja, kisha achague kebo na saketi breka. Lakiri ya mita isiguswe.

2. Swichi kuu izimwe, na mtu asiruhusiwe kuiwasha. Tesita ijaribiwe kwanza mahali penye umeme ili ijulikane ni nzima, ndipo itumike kuthibitisha kwamba mahali pa kazi hapana umeme. Tesita mbovu imewadanganya wengi.

3. Mahali pa ukanda papimwe na kuchorwa mstari ulionyooka, sinki na jiko vikizingatiwa.

4. Kebo ipitishwe ndani ya bomba la plastiki, na tundu la kuingilia kwenye bati livishwe mpira ili makali yasikate waya.

5. Rangi za nyaya zitambuliwe kwa hadhari. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa waya wa moto, nyeusi kwa waya wa kurudi na kijani kwa ethi. Kebo mpya zina kahawia, buluu, na kijani yenye mistari ya manjano. Uingereza yenyewe ilihamia rangi hizo kati ya mwaka 2004 na 2006. Nyumba iliyoongezwa vyumba hukutwa na rangi za aina zote mbili, na fundi asitegemee rangi pasipo kupima.

6. Kila waya ukazwe barabara, kisha uvutwe kidogo kwa mkono. Kiungio kilicholegea ni chanzo kikubwa cha moto wa soketi.

7. Kabla ya umeme kurudishwa, fundi apime kwa mita kwamba ethi imefika katika kila soketi, na kwamba hakuna uvujaji baina ya nyaya.

Katika ununuzi, alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, itazamwe. Ziko kebo za alumini iliyopakwa shaba zinazouzwa kama shaba tupu. Fundi akikwaruza ncha ya waya kwa kisu, weupe wa ndani hujitangaza.

MATUMIZI YA KILA SIKU

Ukanda usifutwe kwa kitambaa kilicholowa wakati una umeme. Ekstensheni isichomekwe ndani yake. Soketi iliyopata moto au kubadilika rangi iachwe kutumika mpaka fundi aikague.

Umeme unapokatika, vyombo vya kupikia vizimwe kwenye swichi zao. Mama aliyekwenda shambani au sokoni umeme ukiwa umekatika, akasahau jiko likiwa limewashwa, hujikuta umeme umerudi naye hayupo, na sufuria tupu ikiwa juu ya sahani ya moto.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ukanda umechomekwa kwa plagi yenye fyuzi ya ampea 13. Je, birika la wati 2,000 na kikaango cha wati 1,500 vyaweza kutumika pamoja? (Jibu: Havifai. Jumla ni wati 3,500, sawa na ampea 15.2.)

2. Kwa nini fimbo ya ethi yenye ukinzani wa omu 50 haiwezi peke yake kuifanya saketi breka ya ampea 20 ikate umeme? (Jibu: Hupitisha ampea 4.6 tu.)

3. Birika liwekwe wapi linapochemka? (Jibu: Mbele ya meza, nje ya kivuli cha kabati.)

Wazee walisema tahadhari kabla ya athari. Mwenye nyumba anayekusudia kufunga ukanda wa soketi na aanze kwa kuandika wati za vyombo vyake kwenye karatasi, na karatasi hiyo aikabidhi kwa fundi kabla ya kununua chochote.